Ulimi Uliofungwa na Kazi ya Wale Wanne

Somo kwa waalimu, wazee wa kanisa na Wakristo wote wa sharika za Kibondo na Kasulu

Masomo ya Biblia: Marko 2:1-12, Luka 1:57-66, Warumi 8:26-27



Katika nchi yetu ya milimani, kuanzia Kibondo hata Kasulu, wamo watu ambao zamani walinena vizuri, na leo hawawezi kutaja hata majina ya watoto wao. Huenda mmoja alikuwa mzee wa kanisa, mwingine mwimbaji, mwingine mama aliyejulikana sokoni kwa maneno yake ya kuchekesha. Ugonjwa ukawapiga kwa siku moja, na tangu siku ile hukaa kimya nyuma ya nyumba. Mwanzoni watu waliwajia kwa wingi, kisha wakapungua, sasa haji mtu. Si kwamba watu wamewachukia. Hawajui jinsi ya kuzungumza na mtu asiyeweza kujibu, nao waona haya. Somo hili limeandikwa ili tujue.

Soma habari za yule mwenye kupooza kule Kapernaumu, soma polepole, nawe utaona jambo ambalo wengi hulipita. Mtu yule hasemi neno hata moja tangu mwanzo hata mwisho. Hatusikii ombi lake, wala ungamo lake, wala shukrani yake. Wenziwe wanne ndio waliomchukua na kutoboa dari, na Bwana alipoiona imani yao alimsamehe dhambi, kisha akamwinua. Marko hasemi kama ulimi wake ulikuwa mzima. Lakini twajifunza ya kwamba ukimya wa mtu haumzuii kufika kwa Bwana, ikiwa wako watu wa kumchukua. Basi tuulize: wale wanne wa usharika wetu ni akina nani?

1. Ugonjwa huu ni nini?

Matabibu huuita afasia. Maana yake ni kwamba njia ya maneno ndani ya ubongo imeharibika. Mara nyingi huletwa na kiharusi, yaani mshipa wa damu katika ubongo kuziba au kupasuka, hata sehemu ya ubongo ikakosa damu na kufa. Huweza pia kuletwa na jeraha la kichwa, kama mtu aangukapo na pikipiki, au na uvimbe ndani ya ubongo. Yapata theluthi moja ya watu wapatwao na kiharusi huwa na afasia, wengine kwa siku chache, wengine kwa maisha yote.

Mwaka 1861 tabibu Mfaransa Paul Broca, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, “tan”. Mtu yule alipokufa, Broca aliutazama ubongo wake, akaona mahali palipoharibika, upande wa kushoto, kuelekea mbele. Mwaka 1874 tabibu Mjerumani Carl Wernicke akaeleza namna nyingine: mgonjwa asema upesi na kwa wingi, walakini maneno yake hayana maana, wala hafahamu vema yale asikiayo. Huyu naye ameharibika upande uleule wa kushoto, lakini nyuma zaidi. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo watawala mkono na mguu wa kuume, wengi wenye afasia wamepooza upande wa kuume pia.

Kiharusi si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri peke yao. Tangu mwaka 2003 hata 2006 matabibu waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Hesabu ilitolewa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri wa watu, waliona kila mwaka yapata wagonjwa wapya 109 katika watu 100,000 kule Hai, na 316 kule Dar es Salaam. Ugonjwa huu uko kwetu, mashambani na mijini.

2. Maneno yamepotea, akili haikupotea

Neno hili ndilo la kwanza kushikwa na kila mtu aongozaye Wakristo. Mwenye afasia si mwenda wazimu. Si mtoto mchanga. Si kiziwi. Awajua watu wake, alijua shamba lake na mipaka yake, ajua ni nani amemdai na ni nani amemlipa. Afahamu aibu anapodharauliwa. Mfano wake ni kama mtu mwenye ghala iliyojaa, na ufunguo umepotea. Mahindi yamo, maharagwe yamo, lakini mlango haufunguki. Au wafunguka, naye akitaka kutoa mahindi hutoa maharagwe. Ndiyo sababu ataka kusema “maji” akasema “moto”, au amwita mkewe kwa jina la dada yake.

Wengine hudhani ya kwamba ukimpa karatasi na kalamu ataandika yale asiyoweza kusema, kama Zakaria alivyotaka kibao akaandika jina la Yohana. Hapa pana tofauti kubwa. Zakaria alifungwa ulimi tu, maneno yake ya ndani yalikuwa salama, basi mkono uliweza kuyaandika. Mwenye afasia ameharibikiwa mahali yanapotoka maneno, kwa hiyo mara nyingi kuandika nako kumeharibika, na kusoma pia. Mtu akishindwa kuandika jina lake mbele yako, usiseme, “Kumbe akili imekwisha.” Sema, “Ugonjwa ni uleule.”

Walakini tuangalie watu wa nyumba ya Zakaria walifanya nini. Walitaka kumpa mtoto jina bila kumwuliza baba. Ndivyo ifanyikavyo hata leo. Mzee akipoteza maneno, shamba hugawanywa, ng'ombe huuzwa, binti huposwa, naye amekaa palepale akitazama. Wasema, “Haelewi.” Nani aliyempima? Elisabeti ndiye aliyesimama kulikataa jina walilolitaka, ndipo wakamgeukia baba. Kila mwenye afasia ahitaji Elisabeti wake, mtu atakayesema, “Ngojeni, yeye mwenyewe aulizwe.”

3. Makosa yatupasayo kuyaacha

Kosa la kwanza ni kusema amerogwa au ameingiwa na pepo. Watafiti walioandika mwaka 2008 habari za Dar es Salaam na Hai waliona ya kwamba wengi mjini Dar es Salaam walidhani kiharusi ni kazi ya mapepo au uchawi, na watu wa Hai zaidi walitaja sababu za mwili, kama shinikizo la damu. Basi tusidhani ya kwamba mashamba ndiyo yenye giza na mji ndio wenye nuru. Mahali popote watu wakisema “amerogwa”, mambo mawili hufuata: mgonjwa hucheleweshwa kwenda hospitali, na jirani mmoja huanza kuchukiwa bila kosa.

Kosa la pili lamhusu yule asemaye mengi yasiyo na maana. Wengine humdhania mlevi. Wengine katika makusanyiko husema ananena kwa lugha, au ya kwamba pepo anasema ndani yake, wakamkusanyikia kwa makelele. Mwalimu, ukimwona mtu aliyekuwa mzima jana na leo maneno yake yamevurugika, usianze kukemea. Mpeleke hospitali ya karibu saa ileile, na omba njiani.

Kosa la tatu ni kumsemesha kama mtoto, au kusema habari zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Kosa la nne ni kumfichia wageni. Watu wa nyumbani hufanya hivi kwa upendo, wakitaka kumwepusha na aibu. Lakini maneno hayarudi kwa mtu asiyesemeshwa. Nguvu nyingi za kusema hurudi katika majuma na miezi ya kwanza. Hata hivyo wako waendeleao kupata maneno mapya baada ya miaka.

4. Mifano mitatu kutoka nchi nyingine

Mfano wa kwanza ni wa Sweden, nchi ya Kilutheri. Katika karne ya 18 mwandishi Olof Dalin aliandika habari za kijana wa mkulima aliyeugua sana, akapooza upande wa kuume, akapoteza usemi wote. Hakuweza kusema ila “ndiyo”. Lakini mtu mwingine akianza wimbo wa kanisa aliokuwa ameujua kabla ya kuugua, naye aliuimba pamoja naye, maneno yote, waziwazi kama mtu mzima. Hata sala kadha wa kadha aliweza kuzitamka kwa namna hiyohiyo, akisaidiwa kuanza. Matabibu wa leo wajua sababu: nyimbo na maneno tuliyoyakariri tangu utoto hayafuati njia ileile ya maneno ya kutunga. Hazina hii kanisa tunayo. Mtu asiyeweza kuomba maji aweza kuimba nasi, na kuisali Sala ya Bwana hata Amina.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwezi Februari 1965 mwigizaji Mmarekani Patricia Neal alipatwa na kiharusi kikali, akiwa na mimba. Akarudishwa nyumbani kwake katika kijiji cha Great Missenden, bila maneno. Majirani wakapanga zamu, kila mtu saa yake, wakaja siku kwa siku kumzungumzisha, kucheza naye karata, kumfanyisha hesabu ndogo na kutaja vitu. Aliyeongoza kazi ile ni jirani yake Valerie Eaton Griffith, ambaye hakuwa tabibu wa usemi. Yule mama alizaa mtoto mzima, na mwaka 1968 alionekana tena katika sinema. Kisha mwaka 1973 Bibi Griffith alianzisha mpango wa watu wa kujitolea kuwasaidia wengine waliopatwa na kiharusi, na kazi ile ikaenea katika miji mingi.

Mfano wa tatu ni wa Toronto, Kanada. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2001 walichukua watu 40 wa kujitolea. 20 walifundishwa jinsi ya kuzungumza na wenye afasia, na 20 hawakufundishwa. Wale waliofundishwa waliwafanya wagonjwa waonyeshe mengi zaidi ya yale waliyoyajua. Wagonjwa hawakubadilishwa, waliobadilika ni wale waliokaa mbele yao.

Kwetu matabibu wa usemi ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na wilaya nyingi za Afrika ya Mashariki hazijampata hata mmoja. Twawahitaji na tuwaombe. Lakini wakati wa kuwangoja tusikae bure, kwa maana mifano hii yatuonyesha ya kwamba jirani mwenye subira aweza kufanya kazi kubwa akifundishwa kidogo.

5. Mkutano wa wenye afasia katika usharika

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Ifanyike hivi.

Kwanza, mwalimu na wazee wazunguke nyumba kwa nyumba na kuandika majina ya waliopoteza usemi baada ya kiharusi au jeraha, wa usharika wetu na wa madhehebu mengine, na Waislamu pia, kwa maana ugonjwa hauulizi dini. Wachaguliwe watu wanne wenye subira, wake kwa waume. Wagonjwa watano au sita watosha kwa mkutano mmoja. Wakizidi, kelele huwachosha.

Pili, iwekwe siku moja ya juma, saa za asubuhi mgonjwa akiwa na nguvu, mahali pasipo na redio wala watoto wengi. Asiyeweza kutembea achukuliwe kwa baiskeli au pikipiki, au mkutano ufanyike kwake kwa zamu.

Tatu, mkutano uanze kwa salamu. Kwa Waha kuamkiana ni jambo kubwa, na mikono nayo husalimu kwa makofi ya taratibu. Basi kila mtu aamkiwe kwa jina lake, na aachwe ajibu kwa njia yoyote, kwa neno, kwa makofi au kwa kutikisa kichwa. Tumieni Kiha na Kiswahili. Wengi wajuao lugha mbili huzipata zote kwa pamoja. Wengine hurudiwa kwanza na lugha ya utotoni, wengine na ile waliyoitumia sana kabla ya kuugua. Jaribuni zote mbili, mwone mlango upi wafunguka.

Nne, vitu vya nyumbani viletwe: jembe, chungu, kibuyu, maharagwe, buni, sega la asali. Mgonjwa akishika jembe, mkono hukumbuka, na pengine neno hulifuata jembe. Tena ichorwe karatasi yenye picha za maji, chakula, choo, dawa, maumivu, fedha, shamba, kanisa na watu wa nyumbani, ili aonyeshe kwa kidole. Kila mmoja aende nayo kwake.

Tano, uimbwe wimbo wa zamani ujulikanao na wote, na isaliwe Sala ya Bwana polepole. Hapa tuwe waangalifu: mtu akiimba vizuri, tusiwaambie jamaa zake ya kwamba amepona. Kuimba ni faraja na mazoezi. Kusema maneno yake mwenyewe ni kazi nyingine, nayo hukawia.

Sita, watunzaji wapate nafasi ya kusema peke yao. Mke amwinuaye mumewe kila siku, na jioni hana wa kuzungumza naye, amebeba mzigo mzito. Wagonjwa wengi nao huingiwa na huzuni kubwa. Ikionekana mtu hali chakula wala halali, apelekwe kwa tabibu.

6. Jinsi ya kuzungumza

Haya yafundishwe kwa wale wanne, na kwa jamaa, hata yawe desturi.

Keti mbele yake mtazamane. Sema maneno machache, jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya kawaida. Usipige kelele, kwa maana masikio hayana kosa.

Ukiisha kuuliza, ngoja. Hesabu moyoni hata kumi kabla ya kusema tena. Usimnyang'anye neno lililo karibu kutoka. Akiomba msaada kwa macho, ndipo umsaidie.

Uliza maswali yajibiwayo kwa ndiyo au siyo. Lakini jihadhari: wengine husema “ndiyo” wakitaka kusema “siyo”. Kwa hiyo uliza mara mbili kwa kugeuza. “Wataka kwenda shambani?” Kisha, “Wataka kukaa nyumbani?” Majibu yakipingana, mpe picha au kidole gumba cha juu na cha chini.

Usijifanye umefahamu wakati hukufahamu. Rudia ulivyoelewa, umwulize kama ndivyo. Mkishindwa kabisa, mwambie, “Najua unajua unalotaka kusema, tutajaribu tena kesho.” Neno hilo humpa heshima.

7. Meza ya Bwana

Waalimu wengine wamefadhaika: mtu asiyeweza kutamka ungamo aweza kukaribia Meza ya Bwana? Ndugu, imani haikai katika ulimi. Paulo awafundisha Warumi ya kwamba Roho mwenyewe hutuombea tusipojua kuomba, kwa namna ipitayo maneno. Mwulize mgonjwa kwa maswali mafupi, mpe nafasi ya kujibu kwa kichwa au kwa mkono, acha aseme ungamo pamoja na wengine kadiri awezavyo, na mchungaji wake ataona haja ya moyo wake. Baada ya kiharusi wengine hupata shida ya kumeza na huweza kupaliwa. Kwa hiyo waulizwe jamaa na tabibu kwanza, na apewe kidogo, akiwa ameketi wima.

8. Kukinga

Kiharusi chaweza kukingwa mara nyingi. Sababu iliyo kubwa ni shinikizo la damu, ambalo halina maumivu. Mtu huweza kukaa nalo miaka mingi asijue. Kila mtu mzima apimwe. Aliyepewa dawa asiiache kwa kuwa ajiona mzima. Chumvi ipunguzwe, tumbaku iachwe, pombe nayo. Na dalili zijulikane na wote: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika ghafula. Ukiona hata moja, usingoje asubuhi.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Katika Marko 2, ni nani aliyesema na ni nani aliyenyamaza? Bwana alitazama nini?

2. Kwa nini kumpa mwenye afasia kalamu si dawa ya kutosha, kama ilivyokuwa kwa Zakaria?

3. Ni nani katika mtaa wetu aliyepoteza maneno? Mara ya mwisho alitembelewa lini na watu wa kanisa?

4. Ikiwa watu wa nyumba wataka kugawanya mali ya mgonjwa bila kumwuliza, mzee wa kanisa afanye nini?

5. Tuwachague nani kuwa wale wanne, na mkutano uwe siku gani?

Mwalimu, swali la tano lisijibiwe kwa mdomo tu. Andika majina manne na siku ya kuanza, uyasome mbele ya usharika Jumapili ijayo.